Ukungu wa aina mbili ndani ya kamera moja

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni kijana wa Ujiji, nashuti harusi na send-off. Mwaka jana nilinunua kamera ya video ya mtumba, ile ndogo ya mkononi inayotumia kadi, nikaipandisha treni toka Dar mpaka Kigoma. Mvua zilipokwisha nikaifungua begini, nikaona ndani ya lenzi kuna utando mweupe kama wa buibui. Halafu juzi wenye harusi walinilaza hotelini, chumba chenye kiyoyozi. Saa 11 alfajiri nikashuka Kibirizi kushuti boti za dagaa zikiingia, picha zikawa na ukungu karibu nusu saa nzima, kisha zikajisafisha zenyewe. Kaka yangu anasema ukungu ni ukungu, niifukie kamera kwenye mchele. Na betri moja imevimba kidogo, lakini bado inashika chaji. Nifanyeje, na niitunzeje kamera hii idumu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umeuliza mambo manne, ila umeyapanga kinyume. Umeanza na lenzi, betri ukaitupia mwishoni kana kwamba ni jambo la pembeni. Mimi naanza na betri, kwa sababu lenzi yenye utando itakunyima picha nzuri tu. Betri iliyovimba inaweza kukuchomea nyumba.

Itoe kwenye kamera leo hii, kabla haijavimba zaidi ikang'ang'ania humohumo. Kama una shaka imevimba au la, ilaze mezani penye usawa, uisukume pembeni kwa kidole. Betri nzima inatulia kama tofali. Iliyovimba inayumba, nyingine inazunguka kama pia. Kilichoivimbisha ni gesi: dawa iliyo ndani ya betri za lithiamu ikichakaa, au ikipata joto kali, au ikichajiwa kupita kiasi, inaoza na kutoa hewa ambayo haina pa kutokea. Kushika chaji si dalili ya uzima. Nimeshika mkononi betri zilizovimba kama andazi na bado kamera ilizisoma kuwa zimejaa.

Usiichaji tena hata mara moja. Usiitoboe "ipumue", maana nimewahi kuona mtu mzima mwenye akili zake akitafuta msumari. Hewa na unyevu vikikutana na vilivyomo ndani, au sahani zake zikigusana, inalipuka moto usiozimika kwa kupulizwa. Usiitupe kwenye shimo la taka, kwa sababu takataka zetu huku tunazichoma, na utamwachia mtoto wa jirani bomu. Ziba vile vichwa vya shaba kwa selotepu, iweke kwenye mkebe wa bati wenye mchanga mkavu, mkebe ukae nje kivulini mbali na kuni na mafuta ya taa, mpaka uipeleke kwa fundi au muuzaji anayekusanya betri mbovu.

Ukinunua nyingine, ipime kwa mkono kwanza. Betri ya bandia mara nyingi ni nyepesi kuliko ya asili ya ukubwa uleule, na maandishi yake yanaahidi makubwa. Kinachokosekana ndani yake mara nyingi ni kile kibao kidogo cha saketi kinachokata chaji betri ikijaa na kinachokata umeme ikizidiwa. Ndiyo maana nasema bora betri mbili za kweli kuliko tano za mashaka. Chaji mahali penye kivuli na hewa. Betri hizi hazipendi kuchajiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 45, na zikitoka kazini za moto ziache zipoe kwanza. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani saa 8 mchana linapita nyuzi hizo kwa mbali, kwa hiyo usiache betri humo ukaenda kula ubwabwa wa harusi. Na usipokuwa na kazi kwa wiki kadhaa, zihifadhi zikiwa na nusu ya chaji. Kuzilaza tupu ni kuziua, na kuzilaza zimejaa ni kuzizeesha.

Sasa tuje kwenye ukungu. Kiswahili kimemtega kaka yako. Sisi tunaita ukungu ule wa asubuhi unaofunika ziwa mpaka milima ya Kongo isionekane, na tunaita ukungu ule wa kijani unaoota kwenye mkate uliolala. Neno moja, vitu viwili visivyo na undugu. Kamera yako imepatwa na vyote viwili, kila kimoja kwa wakati wake, na dawa zake ni tofauti. Ili tusichanganyane, kile cha Kibirizi nitakiita umande, na ule utando wa buibui nitauita kuvu.

Umande kwanza. Chukua chupa ya soda kutoka kwenye friji, iweke mezani. Baada ya dakika mbili inatoka jasho. Jasho lile halikutoka ndani ya chupa, ni mvuke uliokuwa hewani ukagusa kitu baridi ukageuka maji. Kamera yako usiku kucha ilikuwa chupa ya soda. Kiyoyozi cha hoteli kiliipoza mwili mzima, vioo vya lenzi pamoja na vyuma vya ndani, kisha ukaitoa ghafla kwenye hewa ya alfajiri ya ufukweni, yenye uvuguvugu na iliyojaa mvuke wa ziwa. Ikatoka jasho. Ilipopata joto la nje, jasho likakauka, na picha zikajisafisha. Hakuna kilichoharibika kwenye lenzi siku ile.

Tatizo ni kwamba jasho halikai kwenye kioo cha mbele tu. Linashika pia vibao vya umeme na milango ya kadi, mahali ambapo huwezi kuliona wala kulifuta. Ulipoiwasha ikiwa katika hali ile ulikuwa unapitisha umeme kwenye vitu vilivyolowa. Mara moja umesalimika. Ukiifanya desturi, siku moja itawaka na kuzima palepale, na fundi akiifungua atakuta kutu ya kijani kwenye miguu ya vifaa.

Sisi tulioanza na kamera za kanda tulikuwa na mlinzi humo ndani. Kamera za MiniDV zilikuwa na kifaa cha kuhisi umande: kikihisi unyevu kwenye ile ngoma inayozunguka na vichwa vya kusomea, kamera inaandika onyo kwenye skrini na kugoma kabisa, maana kanda iliyolowa hunata kwenye ngoma ikakatika. Tulikuwa tunaitukana kwa kugoma. Kamera yako ya kadi haina kanda ya kunata, kwa hiyo inakubali kuwaka, na wewe unadhani yote ni shwari.

Dawa ni subira, na subira ianze kabla ya kutoka chumbani. Ifungie kamera ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, au angalau kwenye begi lake zipu ikiwa imefungwa mpaka mwisho. Zamani tulitumia mfuko wa Rambo uliofungwa fundo, lakini tangu Juni 2019 mifuko ile ya kubebea imepigwa marufuku, na kontena la kuwekea chakula linafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ukifika ufukweni usilifungue. Liache palepale kivulini dakika 30 hadi 60. Jasho litatoka kwenye kuta za nje za kontena, na kamera ndani itapata joto polepole ikiwa kavu. Kama boti zinaingia saa 11 na nusu, amka saa 10. Au njia ambayo mimi naipenda kuliko zote: usilale na kamera kwenye kiyoyozi. Zima kiyoyozi, fungua dirisha, ulale kwa feni kama sisi wengine.

Kuvu ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo inayozika kamera nyingi za mwambao huu. Watu wa Tabora wakinipigia simu, kilio chao ni vumbi la kiangazi. Wa Kigoma na Ujiji kilio chao ni kuvu, na karibu kila mara hadithi ni ileile: msimu wa harusi umekwisha, mvua za Novemba zimeanza, kamera ikafungwa kwenye begi lake zuri, begi likawekwa uvunguni au juu ya kabati, likasahaulika mpaka Mei. Kamera nyingi ninazofungua hazikuharibikia begani kwa mwenye nazo. Ziliharibikia usingizini.

Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, hata hapo ulipokaa, na ndani ya lenzi yako ziliingia tangu kiwandani au siku ya kwanza ulipoivuta zumu. Haziwezi kuota bila unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 60 hadi 70 kwa wiki kadhaa, penye giza na pasipo na upepo, zinaamka. Chakula chao ni kidogo sana: vumbi, mafuta ya ngozi ya kidole, hata ule mpako wa rangi ya zambarau ulio juu ya kioo. Zikila zinatoa asidi, na asidi ile inachimba kioo. Kuvu changa ikisafishwa inaondoka yote. Kuvu iliyokaa misimu miwili unaweza kuiondoa ukakuta alama zake zimebaki, mfano wa mizizi iliyochorwa, na hizo hazina dawa.

Jipime kabla hujatumia senti. Usiku, zima taa ya chumba, zima na kamera, funua kifuniko cha lenzi, umulike tochi ya simu kwa upande, si moja kwa moja, huku ukichungulia ndani. Ukiona nyuzi nyembamba zenye matawi, hiyo ni kuvu. Vinukta vilivyotawanyika ni vumbi, achana navyo. Kisha mchana washa kamera, elekeza ukuta mweupe au mawingu meupe, vuta zumu mpaka mwisho, tazama kama kuna doa au weupe unaofifisha rangi. Halafu mshuti mtu aliyesimama akiwa na dirisha nyuma yake. Lenzi yenye kuvu inajitaja hapo: mwanga unasambaa kama maziwa yaliyomwagika kwenye chai, na weusi wa nywele unageuka kijivu. Kama majaribio hayo mawili ya mchana hayaoneshi kitu, kuvu yako bado ni changa, na kazi ya haraka ni kuikausha isiendelee. Kama yanaonesha, inabidi lenzi ifunguliwe.

Naomba usiifungue mwenyewe. Kamera hizi za mkononi zina vioo vingi vilivyopangwa ndani ya bomba, na vingine vinatembea kwa mota ndogo unapovuta zumu au fokasi inapojitafuta. Ukikirudisha kimoja kikiwa kimepinda kwa unene wa unywele, hutapata fokasi tena maishani. Uliza bei kwanza, kisha uilinganishe na thamani ya kamera yenyewe. Mimi nimewahi kumwambia mteja ukweli kwamba ufundi utamgharimu kuliko kununua nyingine, akakasirika, akaenda kwa mwingine, akarudi na kamera isiyovuta zumu. Na usiianike juani kwa kusikia kwamba jua linaua kuvu. Linaweza kuiua ile ya juujuu, lakini maiti yake inabaki palepale kwenye kioo, na joto linalegeza gundi za lenzi na kuyeyusha grisi.

Mchele mwachie mpishi wa pilau. Hunyonya unyevu kidogo tu na kwa uvivu, tena ni wenye unga, na unga ule ukiingia kwenye mashimo ya maiki na mlango wa kadi umewaletea kuvu chakula.

Kinachofaa ni silika jeli, zile chembe za kwenye vipakiti unavyovikuta ndani ya boksi la viatu vipya. Vipakiti vya viatu vilivyokaa wazi vimekwishashiba, havikusaidii. Tafuta zile chembe za rangi zinazouzwa kwa uzito: kuna za bluu ambazo zikishiba zinageuka waridi, na kuna za machungwa ambazo zikishiba zinakuwa za kijani. Weka kama kikombe kimoja kwenye kitambaa chepesi kilichofungwa, ndani ya kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, kamera ikae juu yake bila begi. Begi lenyewe, hasa la ngozi au lenye sponji, linashika unyevu kama kitambaa cha deki, lianikwe kando. Chembe zikibadilika rangi zimwage kwenye sufuria kuukuu, moto mdogo wa mkaa, ukikoroga kama unakaanga karanga, mpaka rangi irudi. Usiziunguze mpaka ziwe nyeusi. Na sufuria hiyo isirudi jikoni tena: zile za bluu zina chumvi ya kobalti ambayo ni sumu, na mtoto asizichezee.

Kama unaweza kupata kipima unyevu kidogo chenye uso kama wa saa, kiweke humo, ulenge asilimia 40 hadi 50. Chini sana ya hapo napo si pazuri, mipira na grisi za ndani zinakauka. Mzee mmoja wa studio aliyenifundisha kazi alikuwa na kabati la mbao lenye balbu ya wati 15 inayowaka mle ndani mvua zote, na kamera zake za filamu zilikuwa safi kama zimetoka dukani jana. Joto dogo la balbu lilitosha kukausha hewa ya kabati. Ukitaka kumuiga, kumbuka balbu za siku hizi za LED hazitoi joto la maana, na ile ya zamani isiguse mbao wala nguo.

Lakini kuliko vyote hivyo, itumie. Hata kama huna harusi, kila baada ya wiki mbili itoe, iwashe, vuta zumu mbele na nyuma mara kadhaa, ishuti watoto wakicheza dakika 10. Hewa ikizunguka ndani, kuvu hainogewi.

Kuhusu kusafisha, nitakuwa mfupi. Anza na upepo, maliza na kitambaa, usigeuze. Tumia ule mpira wa kubonyeza wa kupulizia, kisha brashi laini, na mwisho kitambaa maalumu cha lenzi, ukizungusha kutoka katikati kwenda nje. Usipulize kwa mdomo, utatema mate bila kujua. Usifutie pindo la khanga wala shati, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyomo itachora kioo. Usimpe kijana wa gereji aipige upepo wa kompresa, upepo ule una mafuta na maji na nguvu ya kung'oa vitu. Petroli, tina na spiriti ya kuwashia jiko visikaribie kamera. Nunua filta ya kinga uifunge mbele ya lenzi, ikichorwa unatupa filta.

Hapa kwetu kuna jambo la nyongeza. Maji ya Tanganyika ni matamu lakini yana madini mengi. Tone la rasharasha likikaukia kwenye lenzi linaacha duara jeupe gumu, na ukilisugua kavukavu unasugua kwa mchanga. Likirukia, lifyonze palepale kwa kitambaa laini likiwa bado bichi. Kama limeshakauka, lowesha kitambaa kidogo kwa maji safi ya chupa, liache lilainike, kisha futa.

Na kwa kuwa unapanda boti, sikiliza vizuri. Kwanza wewe vaa jaketi la kuokolea, kamera baadaye. Ukanda wa kamera uwe umezunguka kiganja au shingo kabla hujatoka kwenye mchanga, sio mkiwa mmeshafika katikati. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, kitu kikishaponyoka hakuna wa kumtuma. Ndani ya boti kamera ikae kontenani mpaka uitake. Usiilaze kwenye ubao wa boti yenye injini ili "itulie", mtetemo ule unalegeza skrubu na picha yenyewe inatetemeka kuliko ukiishika. Kaa, bana viwiko mbavuni, mwili wako uwe ndiyo stendi.

Ikitumbukia ukaipata, hata kama ni sekunde mbili, usiiwashe kuona kama ni nzima. Kamera nyingi haziuawi na maji, zinauawa na kidole cha mwenyewe kwenye kitufe. Toa betri kwanza, kisha kadi, fungua milango yote, ifute, ielekeze milango chini, iweke mbele ya feni kivulini, uilete kwa fundi siku hiyohiyo au kesho yake. Usitumie drai ya saluni. Watu hapa wanapenda kunitania kwamba meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria. Kweli, lakini mainjinia walizipaka injini zake grisi nene kabla ya kuizamisha. Kamera yako haina grisi hiyo.

Tukiwa bado ufukweni: jua letu linazama ziwani, na kila bibi harusi wa Kigoma anataka picha hiyo. Mpe, ila kwa adabu. Shuti pana, jua likiwa limeshalegea na kuwa jekundu, sekunde chache, kisha geuza. Kuvuta zumu mpaka mwisho ukilenga jua ni kuwasha moto kwa kioo cha kukuza, na sensa ndiyo karatasi. Watu wanasahau pia kile kidude cha kuchungulia kwa jicho huko nyuma ya kamera. Nacho kina lenzi ya kukuza. Ukiiacha kamera kwenye stendi saa 10 jioni huku kidude kimeelekea magharibi, jua linaingia kinyumenyume na kuchoma skrini yake ndogo. Nimebadilisha viwili vilivyochomeka hivyo, kimoja kilikuwa changu. Na kwenye kumbi zenye taa za leza za disko, usiruhusu mshale wa leza uingie moja kwa moja kwenye lenzi, unaacha vinukta vya rangi kwenye kila picha utakayopiga maisha yote ya kamera ile.

Umeme wa ukumbini ndio ulionifundisha kwa maumivu. Mwaka 2004 nilishuti harusi hapohapo Ujiji, nikiwa na taa mbili za halojeni za wati 1,000 kila moja. Nilikuwa na rola ya waya ya mita 50, soketi ilikuwa karibu, nikakunjua mita tano hivi na kuacha nyingine zote zimezungushwa kwenye rola. Wakati wa kukata keki nikaanza kusikia harufu ya plastiki. Nikadhani ni jikoni. Shangazi mmoja wa bwana harusi ndiye aliyegusa rola kwa mguu akaruka. Tulipochomoa, mizunguko ya waya ilikuwa imeshikana kuwa donge moja laini. Taa mbili zile zinavuta karibu ampia 9 kwenye umeme wa volti 230, na waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto, kila mzunguko unampikia mwenzake. Tazama ubavuni mwa rola, nyingi zimeandikwa wati mbili tofauti, za waya uliokunjuliwa wote na za uliokunjwa, na hiyo ya pili ni ndogo mno. Tangu siku ile nakunjua waya mpaka mwisho hata kama soketi iko hatua mbili, naulaza pembezoni mwa ukuta na kuubandika gundi sakafuni, maana wakwe wakianza kuingia kwa vigelegele hakuna anayetazama chini.

Siku hizi una taa za LED, mzigo umepungua. Bado usiichomeke chaja jenereta linapowashwa, liache litulie dakika kadhaa. Umeme ukikatika chomoa chaja, usubiri baada ya kurudi, ile pumzi ya kwanza ndiyo yenye kishindo. Chaja nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, na watu wanalisoma hilo kama kinga ya kila kitu. Halikingi kishindo.

Kadi nayo ina miiko yake. Iformati ndani ya kamera yenyewe, sio kwenye kompyuta, tena baada ya kuwa na nakala mbili mahali pawili. Taa ndogo nyekundu ya kadi ikiwa inamulika, usiichomoe wala usitoe betri, hapo kamera inaandika orodha ya faili na ukiikatiza harusi nzima inakuwa namba zisizosomeka. Ukihamisha, nakili folda zote kama zilivyo, usichague vipande. Ukishuti kwa megabiti 24 kwa sekunde unakula karibu GB 11 kwa saa, kwa hiyo kadi ya kweli ya GB 64 inakupa kati ya saa 5 na 6. Nasema ya kweli kwa sababu za bandia zinaandikwa 64 na ndani ni 8, zinakubali kurekodi mpaka mwisho huku zikifuta mwanzo. Kadi mpya ijaze yote nyumbani kwa kushuti ukuta, kisha uitazame mwanzo hadi mwisho, kabla hujaipeleka kwa watu.

Safari ya treni uliyoipandisha kamera, zaidi ya kilomita 1,200 za mtikisiko, haikuidhuru kwa unavyosema. Mara nyingine ipakate. Na siku ukipanda ndege, betri za akiba ziende nawe ndani, zikiwa zimezibwa vichwa, sio kwenye mzigo wa chini. Zinazoruhusiwa bila maswali ni za hadi watisaa (Wh) 100. Kuzipata, zidisha volti kwa ampiasaa (Ah): hata ile kubwa ya volti 7.2 na ampiasaa 6.6 haifiki watisaa 50.

Fanya lile jaribio la tochi na la dirisha wiki hii, kabla mvua hazijaanza. Kama mwanga unasambaa kama maziwa, panda daladala uje kwangu, mtaa wa Mwanga, uniletee niitazame. Uje na kamera, chaja na kadi. Ile betri iliyovimba iache kwenye mkebe wake wa mchanga, usipande nayo kwenye gari la watu. Nitakupimia kwa betri yangu.